Harufu Inayobaki Mchana

Mwenzetu mmoja, mtoto wa Pemba anayeishi siku hizi Nyakitonto, kule Kasulu katika nyanda za juu za Kigoma, ametuandikia barua. Alinunua marashi ya lavenda na miti. Asubuhi alipoyapaka mkononi yalinukia lavenda. Adhuhuri lavenda haikuwapo tena, akasikia karafuu. Jioni karafuu ilififia, ikabaki harufu kavu ya mti, kama ya liwa. Auliza: je, ameuziwa chupa tatu ndani ya moja?

La, hakudanganywa. Marashi ni mchanganyiko wa mafuta mengi, na kila mafuta yana mwendo wake. Joto la ngozi huyarusha hewani. Yaliyo mepesi, kama lavenda, hutangulia, na baada ya muda mfupi yamekwisha. Karafuu haina haraka hiyo: yujenoli, ndiyo hasa harufu yake, huchemka kwenye nyuzi 254 hivi, hali linaloli ya lavenda huchemka kwenye nyuzi 198. Msandali ni mzito zaidi, ndiyo maana hulala na mtu. Na kwenye baridi ya Kasulu mwendo huo ni wa polepole kuliko kwenye joto letu la pwani.

Bibi zetu walilijua hilo bila ya kipimajoto. Asmini ya kichwani hunukia usiku mmoja. Msio wa karafuu hushika mwili.

Basi sisi wenye karafuu tusijidharau. Jina la kwenye chupa ni la lavenda, lakini mchana hushikwa na karafuu. Na hapo ndipo penye hatari, kwani lavenda ikishaondoka hakuna cha kuficha ubaya wa mafuta yaliyo chini yake. Karafuu zilizorundikwa mbichi zikapata joto hugeuka mpeta, na mpeta hautoi mafuta ya kusifiwa.

Twaona pia baadhi yetu, wakisha kuchambua, huyaacha makonyo nje yakanyeshewa, ati hayo si karafuu. Hili ni kosa. Makonyo na majani ndiyo chakula cha kiwanda cha mafuta cha Wawi, Chake Chake. Anayeyaacha yaoze ametupa mavuno ambayo amekwisha kuwalipa wachumaji.

Lakini lawama isiwe ya mkulima peke yake. Mtu huanika kwa uangalifu kile anachojua thamani yake. Twaiomba Kamati yetu idai mambo mawili kabla ya msimu: bei ya makonyo itangazwe siku moja na bei ya karafuu, na makonyo makavu, yasiyo na mchanga, yalipwe zaidi ya yale machafu. Watakuwapo wa kusema kuwa bei yenyewe ni ndogo. Twawajibu: kidogo kilichomo mkononi ni bora kuliko kingi kilichooza uani.

Na kwa mwenzetu wa Nyakitonto: furahia marashi yako, lakini usijaribu kupaka mafuta matupu ya karafuu, kwani huunguza ngozi. Na adhuhuri, lavenda ikishakwenda zake, nusa tena mkono wako. Huenda hiyo ni jasho ya mchumaji wa kwenu.