Jini Asiyeulizwa Jina

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, hasa vile vya Kinondoni na Temeke, hapana kiumbe anayesimuliwa sana na kufahamiwa kidogo kama jini wa kike. Husimuliwa katika daladala za Mbagala, katika vijiwe vya kahawa vya Magomeni, na katika vibaraza vya Tandika umeme unapokatika. Magazeti yenye hadithi za mfululizo yamejipatia wasomaji kwa jina lake. Wachuuzi wa vitabu vya bei ndogo wamepata riziki kwa sura yake iliyochorwa jaladani. Na watengenezaji wa filamu wamemvisha nguo nyeupe na kumtia damu mdomoni. Lakini mtu akiuliza kiumbe huyo ni nani, anatoka wapi na anataka nini, aghalabu hapati jibu katika kurasa hizo. Hadithi hizo zinajua kumwogopa, hazijui kumwuliza.

Upungufu huo una wenyewe, nao ni wawili. Wa kwanza ni mwandishi wa riwaya za mjini, ambaye humwita jini wa kike kama bwana amwitavyo mtumishi: aje, atishe, aadhibiwe, aondoke. Wa pili ni msomi, ambaye kwa kuona kazi hizo ni duni huzitupa zote katika kapu moja na kulifunika, asidai riwaya iliyo bora mahali pake. Mwandishi amekosa kwa haraka, msomi amekosa kwa kiburi. Na baina ya haraka na kiburi, mhusika ambaye angaliweza kuwa fahari ya riwaya ya Kiswahili amebaki bila nafsi.

Hadithi yenyewe hujulikana kabla ya kusomwa. Kijana maskini wa Manzese au Keko hukutana usiku na mwanamke mzuri kupita kiasi. Mwanamke humpa nyumba, gari na fedha kwa sharti la siri. Kijana huvunja sharti, hutazama chini, akaona kwato mahali pa nyayo. Hapo hufuata damu, kisha dua au maombi, kisha moshi, na kitabu huisha. Hapana ubaya katika kisa hicho kikisimuliwa barazani, wala si cha pwani hii peke yake. Katika nchi za Ghuba husimuliwa Umm Duwais, mwenye manukato na miguu ya punda, ambaye huwapoteza wanaume. Na mjini Chicago, tangu miaka ya 1930, watu wamemsimulia msichana ambaye hupandishwa garini usiku, kisha hutoweka karibu na makaburi. Kisa cha barazani kina ruhusa ya kukoma pale hofu inapoanza, maana wasikilizaji wanataka kwenda kulala. Riwaya haina ruhusa hiyo. Mwenye kuandika kurasa mia mbili juu ya kiumbe, asimpe hata ukurasa mmoja wa kufikiri, hakuandika riwaya, amerefusha uvumi.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina mfano wa kufuata. Neno hilo si kweli. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze, kisa chenye asili ya Alfu Lela Ulela, na ndani yake mna Huria, jini wa kike. Huria si mtego. Adili alimtendea wema, naye hakuusahau. Nduguze Adili walipomhini na kumtupa baharini, Huria ndiye aliyemwokoa, akawageuza wahaini kuwa manyani na kuamuru wachapwe kila usiku. Ana kumbukumbu, ana hasira na ana hukumu. Na hukumu yake ni nzito hata mfalme wa wanadamu akawa mwombezi. Msomaji aweza kubishana na ukali wa Huria, lakini hawezi kusema kwamba hana nafsi. Kosa ni la waliokuja baadaye. Walimwacha katika nchi ya wafalme na marikebu, wasimlete mjini. Huria hakupata kupanga chumba Mbagala.

Waliofika mjini walifika kwa njia nyingine. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960, na ndani yake mpelelezi Bwana Msa akaufunua mkono wa binadamu uliojificha nyuma ya kitisho cha mzimu. Ilikuwa kazi njema, na wakati wake uliihitaji. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia ya Mashetani mwaka 1971, shetani alipanda jukwaani chini ya mbuyu, lakini alikuwa ishara ya utawala na ya tabaka, tena aliigizwa katika mchezo wa vijana wawili wa kiume. Mussa Banzi, katika filamu ya Shumileta ya 2005, alithubutu kuipa kazi nzima jina la jini wa kike. Lakini ilikuwa filamu ya kutisha, na kutisha ndiko kulikotangulia. Basi wa kwanza alifafanuliwa akaisha, wa pili akafanywa ishara, wa tatu akafanywa kitisho. Kila moja ya njia hizo ina haki yake. Iliyokosekana ni ya nne, ambayo ni kumwacha kiumbe huyo aishi mjini kama mkazi, awe na shida, na maamuzi yake yaendeshe kisa.

Jambo la ajabu ni kwamba watu ambao riwaya hizo hudai kuwasimulia wana adabu kubwa zaidi kwa pepo kuliko riwaya zenyewe. Katika ngoma za pepo za pwani, pepo akipanda kichwani mwa mtu, na mtu huyo huitwa kiti chake, fundi haanzi kwa fimbo. Humsalimu. Humwuliza jina lake, kabila lake, atokako na haja iliyomleta. Pepo hujibu, hudai, hukataa, kisha hupatana. Huomba nguo ya rangi fulani, uvumba fulani, chakula fulani. Kjersti Larsen, katika kitabu chake cha 2008 juu ya mji wa Unguja, ameonyesha kwamba pepo huko wana makabila, jinsi na dini, kama walivyo majirani. Linda Giles, mwaka 1987, alipinga wazo kwamba ngoma hizo ni kimbilio la wanyonge tu. Na kabla yao, Marja-Liisa Swantz, aliyekaa Bunju kaskazini ya Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alichapa mwaka 1970 utafiti wa mila za Wazaramo uliowaweka wanawake katikati. Maarifa hayo yamo maktabani, na mambo yenyewe yamo mitaani. Ngoma humwuliza pepo, riwaya humfukuza. Ngoma haina kalamu, riwaya inayo. Na mwenye kalamu ndiye aliyeshindwa kuuliza.

Hoja ya kwanza ya msomi ni kwamba riwaya ya majini na wachawi huzidisha ushirikina. Hoja hiyo ingalikuwa na nguvu kama kunyamaza kungalipunguza ushirikina. Lakini nguzo za umeme za Temeke zimebandikwa matangazo ya waganga, na matangazo hayo hayakungoja idhini ya mhakiki. Kinachodhuru si kutajwa kwa mwanamke mwenye nguvu zisizoonekana, bali kutajwa kwake kwa namna moja tu. Nje ya Dar es Salaam, katika nchi ya Usukuma ambako wakazi wengi wa vitongoji hivyo wana jamaa, wanawake wazee wameuawa miaka na miaka kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho, ambao huletwa na moshi wa jiko, umehesabiwa kuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya Waingereza mwaka 1928 ingali katika vitabu vya sheria vya Tanzania, na haikutosha kuwalinda. Sheria humfikia muuaji baada ya kaburi kuchimbwa. Picha iliyomo akilini mwake ilimfikia kabla hajashika panga. Atakayesema kwamba kitabu kimeua amezidisha. Lakini hadithi ambayo ndani yake kila mwanamke wa namna hiyo ni adui wa kuteketezwa haiwezi kudai kwamba haimo katika shauri hili. Inakopa hofu iliyopo, kisha huirudisha na riba.

Hoja ya pili ni ya dini: kwamba jini hafai kupewa heshima. Anayesema hivyo kwa jina la Uislamu aikumbuke Sura ya 72 ya Kurani, yenye jina la majini hao hao, ambamo wamo wanaosikiliza, wanaoamini, na wanaokiri kwamba miongoni mwao wako wema na wako wasio wema. Kiumbe anayeweza kuamini na kukanusha ni kiumbe mwenye uchaguzi, na mwenye uchaguzi anastahili riwaya.

Hoja ya tatu ni kwamba kumpa jini au mchawi wa kike uongozi wa riwaya ya mjini ni kuiga wageni. Waafrika wenzetu wameijibu. Lauren Beukes alimweka katikati ya Johannesburg, katika Zoo City ya 2010, mwanamke mwenye deni, aliyepata kuwa mtumwa wa dawa za kulevya, ambaye hubeba mnyama mgongoni kwa ajili ya hatia yake na hupata riziki kwa kutafuta vitu vilivyopotea; kitabu hicho kilipata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2011. Nnedi Okorafor, katika Lagoon ya 2014, alimtoa Ayodele katika bahari ya Lagos, kiumbe asiye binadamu mwenye umbo la mwanamke, na mji mzima ukalazimika kumsikiliza. Wala hapana mmoja kati ya hao aliyewekwa kitabuni ili mwanamume ajifunze kutotamani. Johannesburg na Lagos hazina ajabu kuliko Dar es Salaam. Zimepata waandishi waliouliza.

Na vitongoji vya Dar es Salaam viko tayari. Makaburi ya Kinondoni yamezungukwa na mitaa, na walio hai hupita kando yake kwenda kazini. Bonde la Msimbazi hufurika, na watu waliohamishwa hurudi. Tandale na Mtoni, chumba hupangishwa kwa mtu ambaye hapana anayejua kwao, maadamu kodi hulipwa. Mahali ambapo kila mtu ni mgeni ndipo panapomfaa kiumbe ambaye asili yake haijulikani. Na shida yake ya kujificha haipitani sana na shida ya msichana aliyetoka bara jana akiwa na sanduku moja.

Haja si kumfanya jini malaika, wala mchawi mtakatifu. Mhusika asiyekosa ni mfu kama yule asiyefanya ila kukosa. Haja ni kwamba mwandishi aache uzuri wa jaladani na amtazame, mathalani, mwanamke mzee wa Tandika, mwenye macho mekundu, anayeuza vitumbua alfajiri na kuona usiku mambo ambayo jirani zake hawayaoni. Akosee, apende, akasirike, alinde mtaa unaomtilia shaka, na kisa kifuate nyayo zake badala ya kumvizia. Riwaya moja ya namna hiyo, ikisomwa katika daladala za Mbagala, ingaliwazoeza wasomaji kufikiri pamoja na mwanamke ambaye wamezoezwa kumkimbia. Na mtu huona vigumu kuinua mkono juu ya yule aliyekwisha kufikiri pamoja naye.

Msomi naye asikae pembeni akingoja. Aifundishe darasani riwaya hiyo ya bei ndogo, aihukumu kwa kipimo kile kile anachowapimia wengine, na aseme wazi mahali ilipomnyima mhusika wake neno. Dharau haijapata kumfunza mwandishi kazi. Fundi wa ngoma, asiye na shahada, anajua kwamba pepo asiyeulizwa haondoki wala hatulii. Riwaya ya mjini imefukuza kwa muda mrefu, na aliyefukuzwa angali mlangoni. Sasa aulizwe jina.