Jumamosi Moja Yatosha kwa Mlima Mbeya

Ndugu zangu wa Tunduma, nanyi wenzetu wa Mbozi, Momba na Ileje, leo nina neno juu ya siku zenu za mapumziko. Mji wetu wa mpakani haulali. Malori yenye shaba ya Zambia na Kongo yanashuka kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengine yanarudi na mafuta na mbolea, na kila mtu hapa, awe wakala wa forodha, mbadilisha fedha, mama lishe au mpakuaji wa mizigo, amezoea kupima siku yake kwa urefu wa foleni. Nafasi ikipatikana, inaishia baa au kitandani. Nawasihi, walau mara moja kwa mwaka, itengeni Jumamosi moja mkapande Mlima Mbeya.

Sisemi Kilimanjaro. Ule una mita 5,895, na mwili wa binadamu unahitaji siku kadhaa kuizoea hewa nyepesi ya kule. Anayetaka kuumaliza kati ya Ijumaa na Jumapili anajitafutia maradhi ya ubongo na mapafu, tena yanayoua. Mlima Mbeya unapita kidogo tu mita 2,800, nasi tuliokulia nyanda za juu tumekwisha kuuzoea mwinuko. Kutoka Tunduma hadi mjini Mbeya ni kilomita mia na kidogo, kwa lami. Mtu mzima mwenye afya huupanda na kuushuka kwa siku moja.

Wapo wanaosema kupanda milima ni starehe ya Wazungu wenye fedha. Hao wakumbuke kwamba nchi hii ilipopata uhuru wake Desemba 1961, aliyepeleka bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro alikuwa askari wetu, Luteni Alexander Nyirenda. Tulichagua mlima ututangazie uhuru wetu. Imekuwaje leo kijana wa Vwawa aone haya kupanda mlima ulio jirani, aseme haumhusu?

Lakini ubaya wa safari fupi ni pupa, na hapa sitasema kwa kupitapita. Watu hufunga kazi Ijumaa usiku, wakakodi Noah, wakajaa kupita kiasi, wakamhimiza dereva afike kabla hakujakucha. Barabara ile ile ina malori mazito yanayoshuka miteremko ya Senjele na Iwambi, na sote tumesikia misiba ya huko. Lori lililofeli breki halichagui aliye kazini na aliye matembezini. Ondokeni Ijumaa mchana, au msiende. Laleni Mbalizi au Mbeya mjini, mle vizuri, mlale mapema. Wahenga walisema kawia ufike, na walisema kweli.

Jumamosi muanze kupanda saa kumi na mbili asubuhi. Kisha wekeni sharti moja kabla hamjainua mguu: ikifika saa saba mchana, kila mmoja anageuka, awe amefika kileleni au hajafika. Najua sharti hili linawauma vijana, kwa kuwa siku hizi mtu hupanda akiwa na simu mkononi, naye anaogopa kuchekwa akirudi bila picha ya kileleni. Basi achekwe. Kwetu giza huingia upesi jua likishazama, ukungu hufunika njia kwa muda mfupi, na kushuka ndiko kunakotegua vifundo vya miguu, maana magoti yamechoka na nyasi zinateleza. Kiongozi wa msafara awe mtu anayeweza kusema "tunarudi" akasikilizwa, hata kama ndiye mdogo kwa umri.

Nendeni kati ya Juni na Septemba. Masika kuna matope na radi, na hakuna mahali pabaya pa kukutwa na radi kama mgongo wa mlima usio na miti. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, na upepo huongeza baridi, kwa hiyo sweta na koti ni lazima hata jua likiwaka kule chini. Vaeni viatu vyenye meno. Yeboyebo ziacheni nyumbani. Maji yasipungue lita mbili kwa kila mtu. Na kwa kuwa kiangazi nyasi huwa kavu, asithubutu mtu kutupa kichungi cha sigara.

Piteni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, muwasalimu wenyeji, Wasafwa ambao mlima huo ni kwao, mkamwombe kijana anayeijua njia awaongoze. Mlipeni ujira wa haki bila kumkata bei. Wanaotamani Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000, wajue ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali na ada vinatangulia. Msitu wake ni mojawapo ya makazi machache ya kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005 ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walimjua zamani.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wa jiografia wa sekondari zetu. Mnachora Bonde la Ufa ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wanakariri. Mbeya ndipo matawi yake yanapokutana: la Rukwa, la Nyasa na la Usangu. Siku isiyo na mawingu, aliye juu ya mlima anaona upande mmoja ardhi ikididimia kuelekea Rukwa, na upande mwingine tambarare ya Usangu. Kodini kosta moja Juni hii, wazazi wachangie nauli, na barua ya kijijini iandikwe mapema, kabla shule hazijafungwa.