Ngozi ya mtoto si mahali pa kujaribia

Hapa Bukavu, mama mwenye mtoto anayewashwa ngozi anauziwa kikopo kisicho na maandishi na kuambiwa: «Ni majani tu, hayana matata.» Tukatae maneno hayo!

Kutoka porini hakutoshi kuwa dawa. Tuchukue manjano: ndani mna kurkumini, ambayo katika maabara imeonekana kupunguza uvimbe. Lakini haiyeyuki vizuri katika maji, na tabaka la juu la ngozi kazi yake ni kuzuia vitu visipite. Ukipaka manjano na maji, rangi inabaki juu, dawa haifiki. Kutafuta mafuta ya kuivusha, kujua kipimo, kujua itaharibika lini: hiyo ni kazi ya wataalamu.

Na kikopo kikiponyesha kwa siku mbili, tushuku. Katika inchi nyingi, krimu za «majani» zimekutwa na kortikoidi iliyofichwa. Ikitumiwa muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba.

Tuna kituo cha utafiti Lwiro, tuna vyuo vikuu. Serkali iwape pesa wapime mimea yetu. Na muuzaji aandike kilichomo, ama aache kuuza.