Jedwali Lichapwe Hadi Jina la Mwisho

Kila mwaka, katika siku zile ambazo huku Kilimatinde watu wameinama mashambani wakihangaika na uwele na mtama, na uwanda wa Bahi chini ya genge umeanza kubadilika rangi kwa mvua, mimi huwa na shughuli nyingine ya jioni, ambayo majirani zangu kwanza waliistaajabia, kisha wakaizoea, na sasa baadhi yao huniulizia habari zake njiani: nafuatilia mbio za nyika za skii ziitwazo Tour de Ski, zinazokimbiwa juu ya theluji katika milima ya Ulaya, zikianza mwishoni mwa Desemba au mwanzoni mwa Januari na kwisha baada ya juma moja au zaidi kidogo.

Nina kaunta buku nililolipiga mistari kwa rula. Safu ya kwanza ni ya jina, ya pili ni ya nchi, zinazofuata ni za vituo, kimoja baada ya kimoja, na ya mwisho kabisa ni ya jumla. Matokeo yanapotoka, ambayo kwa saa zetu aghalabu ni kati ya alasiri na magharibi, mjukuu wangu huiweka simu juu ya dirisha la mashariki, mahali pekee katika nyumba yetu ambapo mtandao hautetereki, akanisomea dakika na sekunde, nami nikaziandika kwa penseli ili nikikosea hesabu niweze kufuta. Mwaka wa kwanza aliniuliza, "Babu, leo tumeshinda?" Nikamwambia, "Hatumo, mjukuu wangu. Hakuna Mtanzania." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, "Sasa babu, wote hawa unawaandika wa nini?" Sikuwa na jibu la kumpa jioni ile, na haya ninayoyaandika leo, kwa sehemu kubwa, ni jawabu langu kwake.

Mbio hizi zilibuniwa na Vegard Ulvang, Mnorwe aliyetwaa dhahabu tatu katika Olimpiki ya Albertville mwaka 1992, pamoja na Mswisi Jürg Capol, na zilikimbiwa kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 31 Desemba 2006 mjini Munich hadi tarehe 7 Januari 2007 katika bonde la Val di Fiemme nchini Italia, Mjerumani Tobias Angerer akishinda upande wa wanaume na Virpi Kuitunen wa Finland upande wa wanawake. Siku moja wanariadha hukimbia masafa mafupi yasiyozidi kilomita mbili, siku nyingine kilomita kumi au kumi na tano au zaidi. Siku moja kwa mtindo wa kale, skii zikienda sambamba ndani ya mifereji miwili iliyochongwa katika theluji, siku nyingine kwa mtindo huru, mguu ukisukuma kwa upande. Katika mtindo wa kale skii hupakwa nta ya kunata chini ya unyayo ili isirudi nyuma mtu anapopanda, na nta hiyo huchaguliwa kwa kupima baridi na hali ya theluji asubuhi ileile, hata mtu mwenye nguvu kuliko wote anaweza kupoteza dakika nzima kwa sababu wapakaji wake walikosea kuisoma hewa.

Walakini kilicho kikubwa zaidi ni namna ya kuhesabu. Muda wa kila siku hujumlishwa na wa siku zilizotangulia, waliofanya vyema katika vituo fulani hupunguziwa sekunde kadhaa, na yule aliyeacha kituo kimoja tu, kwa maradhi au kwa uchovu, amekwisha toka katika hesabu yote, hata angekuwa ameongoza tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo yamkini mtu asiwe wa kwanza hata siku moja, na bado akawa wa kwanza wa wote siku ya mwisho, kama ilivyotukia katika mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 1990, Mmarekani Greg LeMond alipolitwaa taji bila ya kushinda kituo chochote. Mshabiki aliyelelewa na mpira wa dakika tisini, ambaye kabla ya kulala lazima ajue kama ni Simba aliyecheka au ni Yanga, mwanzoni huiona hesabu ya namna hii kuwa ni mateso. Akivumilia siku tatu, ataanza kuona kwamba macho yake yamehama kutoka kwa mtu aliye mbele na kuenea katika orodha nzima, akimtazama wa kumi na tisa anayepanda pole pole hadi kuwa wa kumi na mbili, na wa nne anayeteremka kila jioni bila ya mtangazaji yeyote kumtaja.

Sisi wa Kilimatinde hatukupaswa kufundishwa jambo hili na Wazungu wa thelujini. Mji wetu umekaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo ambako watemi walitoza hongo, ikaingia katika nyika kavu ya Mgunda Mkali, hata ikafika Tabora. Na safari ile yote ilihesabiwa kwa vituo, kambi hata kambi. Mpagazi hakuulizwa leo umewapita wangapi, bali aliulizwa kama mzigo umefika, na aliyeanguka katikati ya Mgunda Mkali hakufaidiwa na mwendo wake mzuri wa siku zilizopita. Wajerumani nao walijenga boma hapa kwa sababu ya njia hiyohiyo, kisha reli yao ikapita Manyoni, ikafika Tabora mwaka 1912, na misafara ikafa. Vituo vimebaki majina tu katika vinywa vya wazee, lakini akili ile ya kuhesabu safari kwa jumla yake, si kwa siku yake moja, sidhani kama imekwisha kututoka.

Kituo cha mwisho cha Tour de Ski kwa desturi ni kupanda Alpe Cermis, hapo hapo Val di Fiemme. Mlima huo haukutengenezwa kwa watu kuupanda, bali ni mteremko wa wale wanaoshuka kwa kasi, na wima wake mahali pengine hufikia asilimia 28. Wao huupanda kwa miguu iliyofungwa skii, zaidi ya mita 400 kwenda juu, baada ya siku nyingi za mashindano. Mtazame mmoja wao anapokaribia kileleni: hatua zimekuwa fupi kama za mtu aliyetwishwa gunia, fimbo zinachomwa theluji karibu kabisa na vidole vya miguu, mate yameganda kidevuni, na akiisha kuvuka mstari huanguka kifudifudi, akalala hapo huku mgongo ukipanda na kushuka. Akina mama wa kwetu waliopanda genge hili kutoka bondeni na ndoo kichwani wataielewa pumzi ile kuliko wachambuzi wengi wa studio. Justyna Kowalczyk wa Poland alizishinda mbio hizi miaka minne mfululizo, tangu 2010 hadi 2013. Dario Cologna wa Uswisi naye alizishinda mara nne, lakini baina ya mara yake ya tatu, mwaka 2012, na ya nne, mwaka 2018, ilipita miaka sita, na mimi nakiri kwamba taji hilo la nne nalipenda kuliko mengine yote.

Sasa niseme habari ya Philip Boit. Huyu ni Mkenya wa upande wa Eldoret, mkimbiaji wa masafa ya kati, mpwa wa yule Mike Boit aliyetwaa shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 yeye na mwenzake Henry Bitok walipelekwa Finland kwa gharama ya kampuni ya viatu ya Nike wakajifunze skii, na tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano nchini Japani, Boit akasimama katika mbio za kilomita kumi za mtindo wa kale. Bjørn Dæhlie wa Norwei alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5. Boit alifika wa 92, naye ndiye wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25.5. Tofauti yao ilikuwa dakika 20 na sekunde moja, na katika dakika hizo Dæhlie, ambaye wakati huo hakuwa na mfano duniani katika mchezo wake, alikataa kuondoka. Sherehe ya medali ikangoja, na Mkenya alipovuka mstari mshindi alimpokea akamkumbatia. Boit alirudi kwao akampa mwanawe jina la Daehlie, kisha akashiriki tena Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Torino mwaka 2006, ambako alikuwapo pia Muethiopia Robel Teklemariam.

Wengi huisimulia hadithi hiyo kana kwamba utukufu wake wote ni wa Dæhlie. Mimi naona kwamba Dæhlie alifanya vile kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri wa jedwali: alijua nini maana ya kilomita kumi, na alijua kwamba mtu aliyezimaliza kwa dakika 47, akiwa na miaka miwili tu ya kujua theluji ni kitu gani, amefanya kazi inayostahili kushuhudiwa. Na sisi Watanzania tunaye wetu, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, jirani zetu wa kaskazini, ambaye tarehe 20 Oktoba 1968 mjini Mexico alianguka katika marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea hadi kuingia uwanjani giza likiwa limeingia na watu wengi wamekwisha ondoka. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla yake. Waliomaliza walikuwa 57, na Akhwari alikuwa wa 57. Lau wasimamizi wa siku ile wangefunga daftari baada ya kumi bora, tusingekuwa na Akhwari.

Hilo ndilo lalamiko langu kwa magazeti yetu. Mbio za vituo zinaripotiwa, zikiripotiwa, kwa jina la mshindi na pengine la wa pili, na hata Tour du Rwanda, mbio za baiskeli zilizo jirani kabisa nasi, hutufikia kwa mistari mitatu isiyosema lolote juu ya vijana wa Afrika Mashariki walioshika nafasi ya thelathini au ya sitini. Msomaji anayelishwa washindi watupu hujenga mazoea ya kumtupa kila asiyeshinda, na mazoea hayo huyachukua uwanjani, ambako kijana aliyekosa penalti moja huzomewa na watu waliomwimba juzi.

Ataniambia mtu kwamba theluji si yetu. Kibo ni yetu, nayo ilipigwa skii na Mjerumani Walter Furtwängler mwaka 1912, mwaka uleule reli ilipofika Tabora. Na hata ingekuwa si yetu, pumzi ya mwanadamu anayepanda mlima haina uraia. Tanzania haijapata kupeleka mtu katika Olimpiki ya majira ya baridi. Siku itakapompeleka, yamkini atafika wa mwisho, na siku hiyo tutahitaji wasomaji waliokwisha zoezwa kuisoma orodha hadi chini.

Enyi wahariri wa kurasa za michezo, mbio zitakapoanza tena mwishoni mwa mwaka, tupeni safu mbili za gazeti kwa muda wa juma moja tu. Picha ya mshindi si lazima. Chapeni jedwali lote, kituo kwa kituo, hadi jina la mwisho, na muda wake mkauandike kando yake.