RADHI ISIISHIE MDOMONI

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hapa kwetu Kenya mwanasiasa akivuliwa nguo huwaita waandishi wa habari, akasema, "Yaliyopita si ndwele." Jamani, ndwele ni ugonjwa, na ajuaye kama amepona ni mgonjwa mwenyewe, si yule aliyemwambukiza!

Hebu tuangalie mifano. Baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Yalikuwa maneno ya kiungwana na tumpe haki yake. Lakini miaka 5 baadaye waathiriwa walikuwa wangali wanauliza, pesa zile ziko wapi?

Tarehe 9 Machi 2018 yeye na hayati Raila Odinga wakapeana mikono mbele ya Harambee House. Mtaniuliza, "Kwani amani haikurudi?" Ilirudi, sikatai. Lakini nani aliwauliza waliozika watoto wao mwaka 2017? Fahali wawili walisameheana, nyasi hazikuulizwa kitu. Mtu hawezi kusamehe deni la mwenzake.

Kisha tarehe 28 Mei 2025, katika mkutano wa maombi jijini Nairobi, Rais William Ruto aliwaomba vijana radhi kama kuna mahali walipokosewa. Hiyo "kama" ndiyo inanisumbua. Vijana walikuwa wameuawa katika maandamano ya Juni 2024. Mwanafunzi akivunja kioo cha darasa haruhusiwi kuandika "kama nimevunja". Anataja kosa lake kwa barua, na mzazi analeta kioo kingine. Mbona mtu mzima aulizwe machache kuliko mtoto?

Najua si rahisi. Nchi ikigawanyika pande mbili, kiongozi akiomba radhi wafuasi wake humwita mwoga na wapinzani humwita mnafiki. Hapo lawama ni yetu pia. Tukimzomea kila anayekiri, nani atakiri tena?

Kwa maoni yangu, radhi ya kweli ina nguzo tatu: kulitaja kosa bila "kama", kulipa kilichoharibika, na kutorudia. Ikikosa moja, hiyo ni kampeni tu.

Wenzangu, karibuni tutapata vitambulisho na kura. Mwanasiasa akija kutuomba radhi, tusimrushie mawe wala tusimpigie makofi haraka. Tumsikilize kwa adabu, kisha tumwulize swali moja: "Mheshimiwa, umeshalipa?"