Usalama wa intaneti Kwale wafichwa na wastani wa taifa

MGENI anayelipia chumba cha hoteli Diani na mkazi wa Msambweni anayefungua tovuti ya serikali kwa simu ya mtumba huwekwa kapu moja wataalamu wanapopima usalama wa intaneti nchini. Hapo ndipo kasoro inapoanzia.

Takwimu za mashirika kama Internet Society huonyesha hali ya nchi nzima. Kipimo kimoja ni matumizi ya TLS 1.3, itifaki ya kufumba mawasiliano iliyochapishwa Agosti 2018 ili aliye njiani asiweze kuyasoma. Katika simu za Android, toleo hilo lilianza kuwashwa lenyewe kwenye Android 10, mwaka 2019. Vivinjari vina utaratibu wao, lakini programu nyingi hutegemea mfumo wa simu. Hivyo simu mpya za watalii zaweza kupandisha wastani, huku simu kuukuu ya mvuvi wa Shimoni ikibaki nyuma bila kuonekana.

Kipimo cha pili, cha njia, ni kigumu zaidi. Mitandao huarifiana anwani zipi zinapatikana wapi, na kwa miaka mingi imeaminiana bila kudaiana hati. RPKI ndiyo hati yenyewe: mwenye anwani hutia saini ya kidijitali kupitia AFRINIC, sajili ya Afrika yenye makao Mauritius. Kuhesabu saini ni rahisi. Kampuni moja kubwa ikitia yake, asilimia ya taifa hupaa. Swali zito ni iwapo kampuni hizo huzikataa njia bandia, maana saini isiyokaguliwa ni kama kitambulisho ambacho polisi wa kizuizi cha barabara hakitazami.

Aprili 2018, wahalifu waliteka njia za kuelekea mitambo ya Amazon inayotafsiri majina ya tovuti, na wateja wa MyEtherWallet wakapelekwa kwenye tovuti bandia. Vivinjari vilionya kuwa cheti si halali. Waliopuuza onyo hilo waliibiwa fedha za kidijitali. Kufuli lilikuwa zima. Mwenye nyumba ndiye aliyelifungua.

Mamlaka ya Mawasiliano hutangaza kila robo mwaka idadi ya wateja wa intaneti na ya vitisho vilivyonaswa. Ingefaa itangaze pia, kampuni kwa kampuni, ni nani anayekagua njia. Mwenye nyumba ya wageni Ukunda hana uwezo wa kuzikagua mwenyewe. Awezalo ni kuchagua kampuni ya kumuunganisha, na mizani aliyo nayo ni ya bei na kasi tu.