Komisheni Umekula, Leseni Iko Wapi?

Wasee, leo sina vidio ya keja. Nina kitu cha kuandika, na kinaanza na kosa langu mwenyewe.

Septemba 2024, wakati wale wa mwaka wa kwanza wanaingia chuo, jamaa mmoja alinipigia simu nikiwa Migori. Ana bedsita safi Homa Bay, akasema. Taili sakafuni, mita ya stima ya kwako peke yako, maji hayakatiki. Nikapanda matatu hadi Rongo, nikabadilisha gari, nikapita Rodi Kopany, nikafika. Nikarekodi dakika moja na nusu, nikalipwa 1,500. Chini ya vidio nikaweka nambari yake na kuandika: "Mpigie huyu, ni ajenti poa."

Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, msichana kutoka Kuria akaniandikia. Alikuwa ametuma 7,000, dipositi na kodi ya mwezi wa kwanza, kabla hata ya kutoka kwao. Akafika na godoro limefungwa nyuma ya bodaboda, akakuta pazia la mtu mwingine mlangoni. Chumba hicho kimoja kilikuwa kimelipiwa na watu wanne. Simu ya ajenti poa, mteja hapatikani. Aliniuliza swali moja tu: "Si wewe ndio ulisema ni ajenti?"

Nilimrudishia zile 1,500 zangu. Zingine sikuwa nazo. Halafu nikakaa kitandani nikajiuliza kitu ambacho ningepaswa kujiuliza kabla ya kupanda ile matatu: kwani Kenya hii, nani anaruhusiwa kujiita ajenti?

Kumbe jibu liko tangu 1984. Kuna sheria ya maajenti wa nyumba na ardhi, Sura ya 533, na kuna bodi iliyoundwa na sheria hiyo hiyo, EARB, kazi yake kusajili maajenti na kuwafuta kwenye daftari wakikosea. Ukitaka kusajiliwa lazima uwe umefika miaka 21. Halafu uwe mwanachama kamili wa chama cha wapima ardhi na wathamini, ama uwe na masomo ambayo bodi inayakubali, pamoja na uzoefu wa kazi. Ukipita hapo, kila mwaka unachukua cheti kipya cha kufanyia kazi. Ukifanya kazi bila kusajiliwa, sheria inasema faini isiyozidi shilingi 20,000, ama jela isiyozidi miaka miwili, ama vyote viwili.

Sasa sikiza sehemu iliyonitoa jasho. Kwa sheria hiyo, kazi ya ajenti si lazima uwe na ofisi na tai. Ni kumkutanisha anayeuza na anayenunua, ama mwenye nyumba na mpangaji, ama kuwasaidia kupatana bei, na wewe unalipwa. Buda, hiyo ni nini kama si kile tunachofanya? Yule keyateka wa Oruba anayekula "pesa ya viewing" mia tano. Yule msee wa Shauri Yako mwenye vijikaratasi kwenye nguzo za stima. Na mimi, na simu yangu na taa yangu ya duara. Naweza kubishana kwamba mimi ni wa matangazo tu. Lakini nilipoandika "mpigie huyu" nikijua kuna kitu changu pale, nilikuwa nimeshaingia ndani ya mlango.

Nikaongea na mabroka kadhaa wa hapa Migori. Karibu wote walicheka. Mmoja, jaduong' mwenye mvi ambaye ameuza ploti tangu kabla ya mimi kuzaliwa, aliniuliza, "Omera, hiyo bodi iko Nairobi, mimi niko Ombo. Tutakutana wapi?" Vijana nao wakasema serikali inataka kutunyang'anya mkate, na kwamba leseni ni mambo ya watoto waliosomea uchumi wa ardhi chuoni.

Na wana pointi. Msee aliyemaliza fomu foo juzi, hana karo, ana simu na miguu ya kutembea, hawezi kuwa mwanachama wa chama cha wapima ardhi. Sheria imemfungia mlango, halafu inajifanya haimuoni akipitia dirishani. Faini yenyewe ni ya enzi zile ambapo 20,000 ilikuwa pesa ya kukutoa machozi. Leo komisheni ya ploti moja nzuri inaweza kuilipa na chenji ikabaki. Ndio maana mwongo haogopi na mkweli hajisumbui. Wote wako nje, na ukiwa mpangaji kutoka Kehancha huwezi kuwatofautisha.

Hapo ndipo naachana na wenzangu wanaosema "tuachwe tu tuhustle." Mimi nataka leseni. Nataka tu iwe ile ambayo mtoto wa Awendo anaweza kuipata.

Mbona bima wameweza? Rafiki yangu anauza bima Rongo. Hakuambiwa asome digrii. Alifanya kozi fupi ya Chuo cha Bima, akapita mtihani, akaandikishwa, na leseni yake inafanywa upya kila mwaka. Akikudanganya, kuna mahali pa kumpeleka na jina lake liko huko. Kwa nini wa keja na ploti tusiwe na ngazi kama hiyo? Kozi fupi, mtihani, nambari, na iwe inafanyiwa Migori na Homa Bay, si lazima mtu alale kwenye basi la Nairobi. Wale wenye digrii wabaki na ngazi yao ya juu, hatuna shida nao.

Na mtihani uwe na maswali ya huku kwetu, manze. Swali la kwanza: ploti iko Ndhiwa, hati bado ina jina la babu aliyefariki, na wajukuu wawili kati ya saba wanataka kuuza. Utamwambia nini mnunuzi? Jibu ni kwamba hakuna cha kuuza hapo mpaka mirathi ipite kortini, na anayegusa mali ya marehemu bila idhini anavunja sheria. Nimeona mabroka wakimaliza mambo kama hayo kwa soda na sahihi za majirani. Swali la pili: shamba la kilimo, umeshaonana na bodi ya udhibiti wa ardhi? Bila kibali chake mauzo hayo yako hewani. La tatu: mke amekubali, ama amesikia kwa watu? La nne ni la watu wa ufuoni: hiyo "ploti inayoangalia ziwa", 2020 ilikuwa inaangalia ziwa ama ilikuwa ndani ya ziwa? Mwaka huo maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba za watu. Ajenti wa kweli angekuambia. Wa kwetu anapiga picha wakati wa kiangazi.

Najua mtu atasema hata wenye leseni wanadanganya. Ni kweli, kuna watu wamepoteza pesa za uzeeni kwa kampuni zenye ofisi za vioo. Leseni haimfanyi mtu awe mwema. Lakini mwenye leseni ana kitu cha kunyang'anywa. Yule wa bedsita alitupa laini ya simu, basi, hasara yake ikaishia hapo.

Na usidhani hii sheria italala milele. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kwa sababu ya pesa chafu, na ardhi na nyumba ni mahali pesa chafu hupenda kujificha. Maajenti tayari wanatakiwa kisheria kuripoti miamala inayotia shaka. Presha inakuja. Ikitukuta tumenyamaza, kanuni zitaandikwa na watu ambao hawajawahi kutafuta chumba cha 4,000 jua la saa saba.

Wakati tunangoja, mimi nimebadilisha yangu. Siweki nambari ya mtu chini ya vidio kama sijaona kitambulisho chake na sijaongea na mwenye nyumba mwenyewe. Nikilipwa, nasema nimelipwa, mwanzoni kabisa. Na nawe unayetafuta keja: usitume hata bob kabla ya kusimama ndani ya chumba na kushika funguo. Akijiita ajenti, muulize nambari ya usajili, halafu tafuta jina lake kwenye orodha ya EARB, iko wazi kwa kila mtu. Atakasirika. Mwache akasirike.

Yule dada wa Kuria sai anakaa na wenzake wawili kwenye chumba kimoja Makongeni. Bado anadai 5,500, na namtumia mia tano kila mwezi nikipata kazi. Hajaniomba. Kama wewe ni mmoja wa wale wengine watatu mliolipia kile chumba, niandikie.